Kunyimwa Mara Mia Mbili na Kumi na Mbili

Dada Zaina,

Nianze na habari njema, maana hukupenda mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema. Mimi Hemedi ni mtu mwenye bahati kuliko wote Korogwe, na hata Handeni sidhani kama yupo wa kunifikia. Programu yako imepita. Mashine zote tatu, mara ya kwanza, bila kurudia. Nilikaa asubuhi, nikabonyeza, kufika adhuhuri nimemaliza, nikaenda kunywa chai yangu kama mkurugenzi. Alhamisi wafugaji wa Mazingara wanakuja kuichukua, na rekodi za chanjo za ng'ombe wao zitatoka kwenye zile kadi zilizochakaa ziingie humo, na hakuna ng'ombe atakayepotea. Nimeshatangaza stendi nzima, hata kwa wale wasiojua kama programu ni kitu cha kula au cha kuvaa.

Tangu tukuzike Mkumbara, mvua zimekuja na zimeondoka. Chumba cha nyuma ya duka langu bado ni chako. Kiti chako nimekikalia mara moja tu, nikaona hakinitaki, nikarudi kwenye stuli yangu. Kaunta buku letu liko palepale mezani, na kalamu yako ya bluu ndani yake. Imekauka. Juzi mteja aliichukua aandikie namba ya simu, nikamnyang'anya kama nimemfumania. Akaniambia, "Mtu mzima unagombania kalamu isiyoandika?" Nikamjibu kwamba hiyo kalamu imesoma kuliko yeye na mimi tukijumlishwa. Akacheka. Mimi nikaingia ndani nikajifanya natafuta bisibisi.

Unajua mimi sikusoma. Niliishia kidato cha pili, mengine nikayamalizia barabarani, utingo wa malori. Tunduma, Lusaka, Mombasa, kote nimelala, na kote wapo wanaoulizia Hemedi yuko wapi. Nikarudi, nikafungua duka la kutengeneza simu, nikajiita fundi, na watu wakakubali. Ndipo ukaingia wewe na kioo kilichopasuka. Nilipomaliza kukibadilisha nikafanya ninavyofanya kwa simu zote: nikaiangusha juu ya meza, nikabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, nikafungua kamera, redio, tochi na video mbili, mpaka ikaganda. Ukauliza, "Sasa hiyo ndiyo kutengeneza?" Nikasema bora ifie mikononi mwangu kuliko ikafie kwako. Ukanitazama kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. "Mdogo wangu," ukasema, "nimeandika programu Dar miaka yote hii, nimekaa na watu wenye vyeti vyao ukutani, sijaona mwenye mkono mbaya kama wako. Nautaka."

Nasikia siku niliyozaliwa watu walinisifu, ila siikumbuki. Sifa ya kwanza ninayoikumbuka mimi ni hiyo.

Figo ndizo zilizokurudisha nyumbani, lakini ulivyopanga kile chumba ungedhani umetumwa na serikali. Siku ya tatu tu ukaanza programu ya ng'ombe wa Mazingara. Kila ng'ombe na rangi yake, alama yake, mwenye ng'ombe, na chanjo alizopata. Ng'ombe asiyekuwa na rekodi mnadani anarudishwa, na mfugaji ameswaga mifugo yake tangu alfajiri kwa bure. Ukanieleza kwamba programu haifii kwenye kazi nyepesi. Inafia siku mashine imejaa, inapoomba kijinafasi cha memori ikaambiwa hakuna. Kazi yangu ikawa ni kuinyima makusudi, nione itafanya nini. Nikakuuliza, "Yaani dada, kazi yenyewe ni uchoyo?" Ukasema, "Uchoyo wa kitaalamu."

Nilicheka, lakini ukweli sikuelewa. Nilielewa siku ile tuliyokwenda kumsalimia mama yako. Basi likasimama Mombo, dakika kumi za kula. Nikaagiza wali maharage kwa mama wa kwanza, akaniambia umekwisha baba, jaribu pale. Nikaenda pale. Pale wakasema kaa, unakuja. Nikakaa. Wali ukawa unakuja. Dereva akapiga honi, watu wakapanda, wali bado uko njiani. Nikakimbilia basi na njaa yangu, kandambili moja mkononi, na ule mfuko wa machungwa uliomnunulia mama yako nikauacha kwenye benchi. Ulicheka mpaka tunashuka Mkumbara. Kisha ukaniambia, "Sasa umeelewa kazi. Yule mama wa kwanza ni mashine inayosema hapana. Wa pili ni mashine inayosema ndiyo kwa kitu ambacho haina. Na wewe ndiye programu mbovu, umenyimwa wali ukapoteza machungwa." Programu nzuri, ukasema, ikinyimwa inarudi kwenye kiti chake na mzigo wake wote.

Mpaka leo nikipita Mombo lile benchi naliangalia kwa jicho baya.

Mashine zetu mimi ndiye niliyezipa majina, na hilo usinipokonye. Laptop ya ofisi ya wafugaji, yenye Windows, nikaiita Bi Hapana, kwa sababu ikiombwa kisichokuwepo inakataa hapohapo mbele ya watu. Kompyuta yako ya mezani, yenye Linux, nikaiita Bwana Ndiyo. Simu ya katibu wa wafugaji nikaiita Mkwe, kwa sababu ukigeuza macho kidogo imeshaifunga programu yako, imeondoka na haikuaga.

Na hapo kwa Bwana Ndiyo ndipo nilipojiaibisha. Ulinipa siku tatu nimjaze memori mpaka anyime, niandike kinachotokea. Mimi kufika saa nne asubuhi nimemaliza, nimeweka alama za vema ukurasa mzima. Nimejaza mapicha, nimejaza mavideo, programu inaomba na kupewa, inaomba na kupewa. Nikatoka nikawaambia watu wa stendi kwamba Linux nimeilaza chali. Uliporudi kutoka kliniki ukasoma ule ukurasa, polepole, vema moja baada ya nyingine. "Ulinyimwa mara ngapi?" Nikasema hata mara moja, dada, ile mashine inanipenda. "Basi hujapima kitu, Hemedi."

Sikukubali. Nilibisha kama wakili. Ndipo ukaniuliza: kwenu Handeni mgeni akifika saa ya chakula na unga umekwisha, mama yako anamwambia nini? Nikasema, anamwambia karibu, subiri kidogo, halafu anatokea mlango wa nyuma kwenda kuazima kwa jirani. "Umewahi kumsikia akimwambia mgeni hakuna?" Hapana, sijawahi, hiyo ni aibu. "Ndiyo hivyo. Huyu naye ni mtu wa heshima zake. Anakwambia ndiyo, akiishiwa anaazima kwenye diski, na kwa jirani nako kukiisha anamtoa nje mgeni mnene kuliko wote, hata kama siye aliyeomba." Nilikuwa nimechukua heshima ya mtu nikaiandika kama uwezo wake. Fundi wa Ulaya asingekosea hivyo, nilisema. Ukasema fundi wa Ulaya naye hukosea hapohapo, tofauti ni kwamba yeye hatangazi stendi.

Hukunifokea. Ungenifokea ningeondoka, nakwambia kweli, mimi nimeshaacha kazi kwa neno moja. Ulichukua kiti ukaandika kile kijiprogramu cha kukaa katikati ya programu na mashine, nikakiita Mchoyo. Kuhifadhi ng'ombe mmoja programu iliomba memori mara mia mbili na kumi na mbili. Mchoyo ananyima ombi la kwanza tu, tunaangalia kilichotokea, tunaandika. Tunaanza upya, ananyima la pili tu. Hivyohivyo mpaka la mwisho, halafu mashine inayofuata. Bwana Ndiyo hata angetaka kutoa, Mchoyo yupo mlangoni. Na kwenye kaunta buku ukapiga mistari, safu tatu: imesema, imekufa, imenyamaza.

Nilidhani kufa ndiyo mbaya kuliko zote. Mama Naserian ndiye aliyenifundisha, na yeye hajui memori ni nini. Unaikumbuka siku hiyo, najua unaikumbuka. Amekuja kutoka Mazingara na kadi za ng'ombe wake arobaini na watatu, tumewaandika wote, yeye kakaa pale mlangoni na soda yake anatusimamia. Wewe ukaniambia nitoe nakala kwanza ndiyo nipime. Mimi na haraka zangu nikampima Bi Hapana kwenye rekodi zilezile. Mchoyo akanyima. Programu ikaandika kwenye kioo "Imehifadhiwa", vizuri kabisa, na ndani hakuna hata ndama. Ilikuwa imefuta ya zamani kabla ya kuwa na ya kuweka.

Mama Naserian akaona nyuso zetu. "Wako wapi?" Mimi, unanijua, mdomo ukatangulia. Nikasema wapo mama, tulia, wamejificha kidogo. Akaniambia, "Hemedi, mimi wezi wa ng'ombe nimewaona. Wanakuja na mikuki, mchana kweupe. Wewe umetumia kidole." Ndipo ukasimama, na miguu yako ilikuwa imevimba siku hiyo, ukamwambia, "Hapana mama. Wamepotea, na kosa ni letu. Kadi zako tunazo, tunawaandika upya leo hii." Nilingoja atuvunjie kiti. Akakaa. Akaweka soda chini, akaanza kuwataja kwa rangi zao, mmoja mmoja, na wewe unaandika, mimi nashika kadi. Mpaka alasiri. Alipoondoka aliniruka mimi akakupa mkono wewe.

Halafu ukaniambia lile neno ambalo sitalisahau hata nikizeeka nikasahau jina langu. "Programu ikifa, mtu atajua amepata hasara, atachukua kadi zake. Ikinyamaza, atakwenda nyumbani akichekelea." Ukaibadilisha kuanzia siku hiyo. Ikawa inaandika pembeni kwanza, inahakikisha, ndipo inaondoa ya zamani.

Na ile akiba. Mungu akurehemu kwa ile akiba peke yake. Tuligundua kwamba hata kuomba radhi kunahitaji memori. Programu inanyimwa, inataka kumwambia mtu "samahani, sijahifadhi", inaomba nafasi ya kuandika hilo samahani, inanyimwa tena, inakufa na neno mdomoni. Ukasema basi iamkapo tu, kabla ya kazi yoyote, ijiwekee nafasi ndogo isiyoguswa, ya kusemea ukweli siku ya shida. Nikasema hiyo ingefaa wapewe na baadhi ya watu ninaowafahamu. Ukasema, "Mmoja nimekaa naye hapa."

Siku uliyonionyesha ukurasa wa mwisho wa programu, pale penye majina, nilidhani nitaona lako. Lako lilikuwepo. Chini yake: "Mpimaji: Hemedi". Mimi wa kidato cha pili. Nilikuambia umekosea, ilitakiwa "mpimaji mkuu". Nilisema hivyo kwa sababu nisingesema hivyo ningelia.

Hospitali sitasema mengi. Ulikuwa mwepesi, ulivyonishika mkono sikuhisi kama umenishika. Ulisema nisiwape wafugaji mpaka imepita mashine zote tatu, maombi yote. "Utaweza?" Na mimi nikajibu palepale, bila hata kuvuta pumzi, ndiyo dada, hiyo kazi ya wiki moja. Ukatabasamu, ukasema, "Ukikwama mpigie Rehema." Yule mwenzako wa kazi wa Dar. Nikasema nikwame mimi, dada? Nikwame mimi? Ukafumba macho. Sijui kama ulilala au ulichoka na mimi.

Kwenye arobaini yako nilibeba maji, nikapasua kuni, nikachinja mbuzi, nikawaambia wageni kwamba hata Mombasa sijaona hitima iliyojaa hivyo. Mama yako aliniita pembeni. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili kwa kuchanganyikiwa. Akauliza, "Ile kazi ya mwanangu imeishia wapi, baba?" Nikamwambia imekaribia sana, mama. Akanishika kichwa. Akasema nimekonda. Mimi, Hemedi, nimekonda, na bado nilikuwa na sahani ya pilau mkononi.

Mama Naserian naye anapita dukani kila siku ya mnada. Siku hizi ananipa mkono. Ana mtamba mmoja mweupe, mkorofi, hakubali kufungwa, anawapiga teke hata ndugu zake, na amempa jina lako. Usinilaumu mimi. Nilimwambia mama, mwenye jina alikuwa mpole. Akasema, "Mpole kwako. Mimi nilimwona akisimama na ile miguu." Huyo mtamba ni wa arobaini na nne. Nimemwandikia kadi kwa mkono wangu.

Nataka kukushukuru, na sijui kushukuru bila mzaha, kwa hiyo vumilia. Asante kwa kuniona mkono kabla ya kuniuliza cheti. Asante kwa kunisubiri nisome yale maandishi madogo kwenye kioo, herufi moja moja, ukijifanya unatafuta miwani ili nisione aibu. Miwani ilikuwa machoni. Asante kwa kutonisimulia mbele za watu habari ya vema za Bwana Ndiyo, ingawa ungepata wasikilizaji. Nimezunguka nchi nne, dada, nimekutana na matajiri, nimekula na maaskari wa mpakani. Hakuna aliyewahi kuniambia nimekosea halafu akavuta kiti akakaa karibu yangu. Wote waliokuwa wakiniambia nimekosea walikuwa wameshasimama waondoke.

Siku nyingine naingia kile chumba mchana, duka likiwa halina mtu, namwasha Mchoyo, nasema kwa sauti, "Ombi la tisini na moja, dada." Halafu nasubiri. Halafu naandika.

Lala salama, dada yangu. Ijumaa nikienda Mkumbara nitapalilia pale kwako, maana majani yamekuja juu, na mama yako nitampelekea machungwa, nitayapakata njia nzima. Na nakuahidi hivi: kitabu chetu nitakiandika kama ulivyokipiga mistari, kila ombi kwenye safu yake ya kweli, hata liwe la kuniaibisha, mpaka siku nitakayomwita Mama Naserian aje ajionee ng'ombe wake wote kwenye kioo.

Mdogo wako,
Hemedi

Dada, ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Bi Hapana amepita, Bwana Ndiyo amepita, na iliwachukua miezi, siyo asubuhi moja. Kwenye simu programu haijapita. Ombi la mia moja themanini na saba, ikinyimwa, inanyamaza, na ng'ombe mmoja anapotea. Nimerudia mara thelathini. Sijui kuirekebisha. Rehema nimempigia leo. Alhamisi nitawaambia wafugaji haijawa tayari, wabaki na kadi zao.